Mboga za Uani na Wadudu: Dawa ya Mikorosho Ibaki Shambani

Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni wadudu wanaoshambulia mboga zetu za nyumbani. Tunaposema mboga za nyumbani tunakusudia mchicha ulio nyuma ya jiko, matembele yanayotambaa karibu na bafu, nyanya na pilipili zilizopandwa kwenye ndoo kuukuu mlangoni, mrehani na mchaichai wa kutia kwenye chai, na mihogo michache ya uani tunayochuma kisamvu. Mboga hizi si nyingi, lakini ndizo zinazowapa watoto wetu na mama wajawazito madini na vitamini ambazo ugali peke yake hauwezi kuwapa.

Kwa nini somo hili ni la afya na si la kilimo tu? Kwa sababu njia tunayotumia kumwondoa mdudu inaweza kumdhuru mtoto kuliko mdudu mwenyewe.

Miezi miwili mitatu yenye hatari

Sisi wa Masasi na Newala tunaijua kalenda yetu. Mvua zikiisha, kiangazi kinaingia. Mboga za porini zinakauka, na bustani ndogo ya uani ndiyo inayobaki, tena kwa kunyweshewa maji tuliyooshea vyombo. Kule juu Newala, ambako maji hupandishwa kutoka bondeni au hutegemewa ya mvua yaliyohifadhiwa, kila kopo la maji linalomwagwa kwenye mchicha lina thamani yake. Kiangazi hicho hicho ndicho kinachowapendeza vidukari na utitiri mwekundu, maana hawa huongezeka haraka hewa inapokuwa kavu na mvua haipo ya kuwaosha.

Sasa tazama jambo la pili. Kuanzia mwezi Juni mikorosho inapoanza kuchanua, nyumba nyingi zinakuwa na mifuko ya salfa na chupa za dawa za maji. Salfa hutumika kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ulioanza kuisumbua mikorosho yetu miaka ya mwisho ya 1970. Dawa za maji hutumika dhidi ya mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaonyonya machipukizi. Hivyo mama anamkuta mdudu kwenye mchicha wake siku ile ile ambayo dawa iko pembeni mwa nyumba, imebaki robo chupa. Ni rahisi mtu kusema, “Nyunyiza kidogo tu.” Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa nini dawa ya mikorosho haifai kwenye mboga

Kwanza, tufikirie muda. Kila dawa halali ina maelezo ya siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mkorosho unanyunyiziwa maua na machipukizi, na korosho inaokotwa wiki nyingi baadaye, ikiwa ndani ya ganda lake. Mchicha na matembele tunachuma leo, kesho kutwa tunachuma tena, na tunakula lile jani lenyewe lililonyunyiziwa. Hakuna nafasi ya kungoja.

Pili, kipimo. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inaeleza kipimo cha mkorosho, mti mkubwa. Haielezi kipimo cha mchicha wa kwenye ndoo. Anayekadiria kwa kizibo cha chupa hajui anaweka sumu kiasi gani.

Tatu, kuosha na kupika hakutoshi. Maji hupunguza dawa iliyo juu ya jani, lakini zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kukaa humo. Kisamvu tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu njema, ili kuondoa sumu yake ya asili. Lakini tusidhani kwamba moto huo huo unaondoa kila sumu ya dukani.

Nne, mtoto ni mdogo. Kiasi kile kile ambacho mtu mzima hakioni kinaweza kumdhuru mtoto wa miaka miwili, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, anacheza chini, anashika majani, kisha anatia vidole mdomoni.

Tano, huenda dawa isisaidie kabisa. Ubwiri unga ni ukungu, si mdudu. Kumwaga salfa juu ya vidukari ni kupoteza salfa, na majani ya maboga na matango huweza kuungua kwa salfa jua linapokuwa kali. Nazo dawa za mbu wa mikorosho huua pia wadudu wema wanaowala wadudu wabaya. Baada ya muda utitiri hurudi wengi kuliko mwanzo, kwa kuwa adui zao wamekwisha.

Mjue mdudu kwanza

Kabla ya kutafuta dawa, geuza jani uangalie upande wa chini. Wadudu wengi wa mboga hukaa huko.

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, ni wadogo, laini, wa kijani au weusi, na hukusanyika kwenye machipukizi. Majani hujikunja na kunata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mmea, tazama vizuri, kwani mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na vidukari.

Utitiri mwekundu ni mdogo sana, kama vumbi. Jani huwa na vidoa vyeupe au vya njano, kisha utando mwembamba kama wa buibui.

Inzi weupe huruka kama unga ukitikisa mmea. Hupenda nyanya na mihogo, na huhamisha magonjwa ya virusi.

Viwavi hutoboa majani, na mavi yao meusi huonekana juu ya jani la chini. Sota hukata mche usiku karibu na udongo, na mchana hujificha ardhini hapo hapo.

Panzi wa rangi rangi wanaokula mihogo tunawafahamu wote. Wakiwa wachanga hukaa kwa makundi juu ya mmea mmoja, na huo ndio wakati wa kuwakamata.

Njia za nyumbani, kwa utaratibu wake

Tunashauri kuanza na njia ya kwanza. Ukiona haitoshi ndipo uende ya pili, na kuendelea.

1. Mkono. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, pita kwenye mboga zako. Okota viwavi, ponda mayai yaliyo chini ya majani, kata chipukizi lililojaa vidukari uliteketeze. Panzi wachanga wakamate asubuhi wakiwa bado wana baridi, uwatie kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Mche ukikatwa usiku, chimbua udongo kwa kidole kuuzunguka na utampata sota. Kwa bustani ya ndoo kumi, kazi hii haizidi muda wa kuchemsha chai.

2. Maji. Vidukari na utitiri huanguka wakimwagiwa maji kwa nguvu kidogo chini ya majani. Si lazima kupoteza maji. Toboa vitundu kwenye kizibo cha chupa ya plastiki safi, ubinye chupa, na maji yanayodondoka yatanywesha mmea wenyewe. Rudia kila baada ya siku mbili.

3. Maji ya sabuni. Chukua kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kidole gumba, kikwangue, ukiyeyushe katika lita 2 za maji. Au tia vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 1. Usitumie sabuni ya unga, maana huunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani mawili, ungoje mpaka kesho. Kama hayakuungua, nyunyiza mmea mzima jioni, hasa chini ya majani. Sabuni humuua mdudu laini inapomgusa akiwa mbichi wa maji hayo, na ikikauka haina kazi tena, kwa hiyo rudia baada ya siku nne au tano. Suuza majani kwa maji safi kabla ya kupika.

4. Majivu. Majivu ya kuni yaliyopoa na kuchekechwa, yakinyunyizwa kidogo asubuhi penye umande, huwasumbua vidukari na viwavi wadogo. Yasiwe majivu ya plastiki, ya mbao zilizopakwa rangi, wala ya takataka. Usiyarundike kwenye shina, kwani mengi huharibu udongo wa ndoo.

5. Mwarobaini. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, uloweke katika lita 5 za maji usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani, kisha nyunyiza jioni ya siku hiyo. Mwarobaini hauui papo hapo kama dawa ya dukani. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kukua, basi usikate tamaa siku ya pili. Rudia kila wiki. Acha siku kadhaa kabla ya kuchuma, kisha osha vizuri, la sivyo mboga itakuwa chungu. Maji haya si ya kunywa, hasa kwa mjamzito na mtoto mchanga.

Chombo cha kunyunyizia kiwe cha kazi hii tu. Tusiazime bomba au mashine ya kupulizia mikorosho, hata kama imeoshwa, maana mabaki ya sumu hukaa ndani ya mipira yake.

Si kila cha asili ni salama

Hapa tunapenda kuonya. Watu husema, “Hii ni ya mitishamba, haina madhara.” Si kweli kwa kila mmea. Maji ya tumbaku ni sumu kali, hupenya kwenye ngozi ya anayeyatengeneza, na tumbaku huweza pia kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya. Utupa, mmea ule unaotumiwa kulewesha samaki, nao ni sumu. Tusiunyunyizie mboga tunazokula, wala maji yake yasifike kisimani. Mafuta ya taa huunguza majani na huacha ladha mbaya, na chupa ya mafuta ya taa iliyoachwa chini ni hatari kubwa kwa mtoto. Hata pilipili iliyotwangwa, ambayo wengine huinyunyiza, huchoma macho ya mnyunyizaji na ya mtoto anayeshika majani.

Wapo wadudu rafiki

Tusiue kila kinachotambaa. Yupo mdudu mdogo wa duara mwenye mgongo mwekundu au wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi. Yeye na watoto wake hula vidukari wengi. Buibui, kivunjajungu na nyigu wadogo nao wanatufanyia kazi bure. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miti na kung'ata sana, huwinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine. Wanaudhi wakati wa kuokota, lakini ni walinzi.

Ushahidi mkubwa tunao kwenye muhogo. Miaka ya mwanzo ya 1970 mdudu anayeitwa kidung'ata cha muhogo, mweupe kama amepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini akaanza kuangamiza mihogo, kwanza upande wa Kongo, na katika miaka ya 1980 akafika Tanzania. Dawa za kunyunyiza hazikuweza kuokoa mashamba ya wakulima wadogo. Wataalamu walikwenda alikotoka mdudu huyo, wakampata nyigu mdogo sana ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu huyo aliachiliwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Chakula cha mamilioni ya watu kililindwa na mdudu ambaye macho yetu hayamwoni kwa urahisi. Tunapomwaga sumu ovyo kwenye kisamvu, tunamuua na yeye.

Ukilazimika kununua dawa

Pengine una bustani kubwa ya nyanya ya kuuza na njia za nyumbani hazitoshi. Basi fuata haya:

Muulize kwanza bwana au bibi shamba, umwonyeshe jani lenye mdudu. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa kwenye chombo chake kilichofungwa, chenye maelezo ya Kiswahili. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Hakikisha zao lako limetajwa kwenye maelezo. Angalia mstari wa rangi chini ya karatasi: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni hatari, bluu ni ya uangalifu, na kijani ni yenye hatari ndogo zaidi. Hata ya kijani si ya kunywa. Soma idadi ya siku za kungoja, uiandike ukutani, na siku hizo zisipotimia usichume.

Vaa nguo ndefu, viatu vya kufunika, glavu na kitambaa au barakoa. Simama upepo ukiwa nyuma yako. Watoto na wajawazito wasikae karibu. Ukimaliza, oga kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Madumu, mifuko na maji ya mvua

Katika nchi yetu ya shida ya maji, dumu ni mali. Ndiyo maana tunasisitiza: dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya mikorosho isitumike kamwe kwa maji, mafuta, togwa wala pombe. Plastiki hunywa sumu, na kuosha kwa mchanga na majivu hakuiondoi yote. Chombo kikiisha, kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye mashine yakanyunyizwe shambani, kisha kitoboe ili asiwepo wa kukitamani. Kisha kirudishe kwa muuzaji au umuulize bwana shamba kinapokusanywa. Kisichomwe jikoni.

Mifuko ya salfa nayo isiwekewe mahindi wala isijazwe udongo wa kupandia mboga.

Dawa zote zifungiwe kwa kufuli, juu, mbali na chakula na chumba cha kulala. Lugha yetu ina neno moja, dawa, kwa kile kinachoponya na kwa kile kinachoua. Mtoto aliyezoea kuambiwa “kunywa dawa upone” anaweza kuikuta chupa na kuitii. Afadhali nyumbani tuiite sumu, ili asikie tofauti.

Tena, wale wanaokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati wakumbuke kwamba vumbi la salfa na dawa zinazopulizwa hutua juu ya paa wakati wote wa kiangazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ondoeni mfereji kwenye tangi, paa lioshwe kwanza, ndipo maji ya mvua zinazofuata yaingie. Funikeni tangi na visima siku za kupuliza.

Mtu akipatwa na sumu

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kukata, kuharisha, jasho na mate kutoka kwa wingi, machozi, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida, hata kuzimia. Dawa nyingine huanza kwa kuchoma na kuwasha ngozi ya uso. Fanyeni haya mara moja:

Mtoeni kwenye dawa, kwenye hewa safi. Mvueni nguo zilizolowa, mumwoshe kwa sabuni na maji mengi. Anayemsaidia ajikinge mikono.

Ikiingia machoni, yasafisheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Hata kama ni dumu la mwisho nyumbani, litumike.

Ikiwa ameimeza, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula. Si dawa ya sumu, na kwa sumu nyingine huongeza madhara. Aliyezimia asitiliwe kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto ili matapishi yasimzibe.

Mpelekeni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja kuona kama atapata nafuu. Chukueni chupa au karatasi ya dawa ile mkamwonyeshe mganga, maana matibabu hutegemea aina ya sumu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu dawa ya mikorosho inakaa wapi, na nani ana ufunguo?
2. Je, lipo dumu la maji ambalo hatujui lilikuwa na nini mwanzo?
3. Nani atakagua mboga kila asubuhi? Watoto wakubwa wanaweza kufundishwa kazi hii.
4. Mwezi huu tutajaribu njia ipi kwanza: mkono, maji au sabuni?

Ndugu wasomaji, korosho inatupatia fedha ya ada na bati, na dawa zake zina mahali pake shambani. Mboga ya uani inaingia moja kwa moja kwenye kinywa cha mtoto. Jani lenye tundu la kiwavi halimdhuru mtu. Likate, lioshe, ulipike. Ni bora kuliko jani zuri lisilo na doa ambalo hatujui limenyunyiziwa nini.